Tunataka kuuziana umeme wa jua kijijini. Je, tutapewa msamaha wa kanuni?

*Mhandisi, salamu sana. Sisi ni ushirika mdogo wa wakulima wa kahawa upande wa Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Tumefunga sola ya kilowati 30 juu ya paa la mashine yetu ya kukobolea. Msimu ukiisha mashine inanyamaza na umeme unapotea bure. Tunataka kuvuta nyaya tuwauzie majirani 40, pamoja na vijana wenye boda boda za betri, mchana bei iwe chini na usiku ipande. Nguzo za umeme wa kawaida zinapita papo hapo. Tumeambiwa kanuni haziruhusu, lakini kwa kuwa ni jambo jipya tunaweza kuomba msamaha kwa ERA, mdhibiti wa umeme, tufanye majaribio. Bwana mmoja wa Kampala anataka milioni 8 atuletee barua ya msamaha. Mwenzetu mwingine anasema tuanze tu, wakija tutazungumza nao. Hao ERA wakipokea ombi kama letu, wanaangalia nini hasa? Na wadogo kama sisi husikilizwa, au ni kampuni kubwa tu?*

Ndugu zangu wa Bwera, barua yenu nimeisoma mara mbili. Mna umeme unaopotea, mna majirani wanaouhitaji, na katikati mmekuta ukuta wa kanuni ambao hamjui kama una mlango. Mlango upo. Ila wanaouelezea mitaani wanauelezea vibaya, na hao ndio niwatoe kwanza njiani.

Bwana wa Kampala msimpe hata shilingi. Msamaha wa namna hii hutolewa kwa maandishi na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme yenyewe, yaani ERA, kwa jina la ushirika wenu, ukitaja kanuni iliyolegezwa, mahali, muda na masharti. Barua isiyo na mambo hayo ni karatasi tu, na mkaguzi akija itawaponza nyinyi, si yeye. Huyo anayesema "tuanze tu" naye anawapeleka pabaya. Kusambaza na kuuza umeme bila leseni wala msamaha ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 1999, na marekebisho ya 2022 yaliongeza makali ya adhabu kwa makosa ya umeme. Tena fikirini mkaguzi anaona nini. Nyaya zinatoka kwenye jengo lenye Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinaingia nyumba za jirani. Hatasimama kuuliza kama ni sola. Ataona kamyufu, yaani umeme wa kuiba.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Watu wengi hudhani mdhibiti anakaa kupima kama wazo ni zuri. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, nikiandika maombi na nikiyasoma, na nawaambia uzuri wa wazo huchukua dakika chache. Muda mwingi huenda kwenye swali jingine: jambo hili likiharibika, nani ataumia, na atarudije pale alipokuwa? Ombi linalojibu hilo kwa uwazi hupata masikio hata kama limeandikwa kwa mkono. Lisilojibu hurudishwa hata kama lina picha za rangi na nembo ya kampuni ya Ulaya.

Lakini kabla ya hapo mtaulizwa: ni kanuni ipi hasa inayowazuia? Msiseme "kanuni haziruhusu". Uingereza ilipofungua mpango wake wa majaribio mwaka 2017, mdhibiti wao Ofgem aligundua kwamba wengi waliokuja kuomba msamaha hawakuuhitaji. Walihitaji mtu wa kuwaeleza sheria inasema nini. Kwa hiyo mpango wenu ukateni vipande. Kutumia sola kwa mashine yenu si biashara ya kuuza umeme. Kuchaji betri ambazo ni mali ya ushirika, kisha kuzikodisha kwa vijana wa boda boda, ni jambo la pili, na kwa mtazamo wangu liko mbali sana na kusambaza umeme majumbani. Liulizieni ERA kwa maandishi, mpate jibu la maandishi. Kuvusha nyaya barabarani hadi nyumba 40 ni jambo la tatu, na hapo ndipo usambazaji, uuzaji na bei inayopaswa kuidhinishwa vinapokutana. Pengine mnaomba msamaha kwa mradi mzima wakati ni kipande kimoja tu kinachouhitaji.

Kuna kosa moja naliona kila mara, nanyi mtaambiwa na mtu, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Ni kweli Uganda ina amri ya mwaka 2007 inayoruhusu mitandao midogo isiyozidi megawati 2 kusamehewa leseni. Mtu akisikia megawati 2 anacheka: sisi tuna kilowati 30 tu! Lakini amri ile inahusu mitandao *iliyojitenga*, kule ambako umeme wa taifa haujafika. Nyinyi mko chini ya nguzo. Udogo wenu hauwasaidii hapo.

Kwa nini nguzo zilete tofauti? Kwa sababu eneo lenye nguzo lina msambazaji mwenye haki na wajibu wake. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyoitwa Umeme kuisha, sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Anayewahudumia nyinyi mtamwona kwenye risiti ya Yaka. Huyo analipia transfoma, nguzo, na gari la mafundi, na anarudisha gharama hizo kidogo kidogo kwenye kila uniti anayouza. Majirani 40 wakinunua kwenu mchana na kwake jioni, transfoma yake bado lazima iwe kubwa ya kutosha kwa saa 12 jioni, kila nyumba inapowasha taa na televisheni kwa pamoja. Gharama haikupungua, walioilipia ndio wamepungua. Anayebaki kuilipia ni mama wa kijiji cha pili ambaye hajui hata kwamba mna sola. Kwa nyumba 40 kiasi hicho ni kidogo mno. Kwa nyumba 40,000 kinauma. Ndiyo maana majaribio huwekewa idadi ya wateja na tarehe ya mwisho: madhara yasivuke mpaka, na yapimike.

Usalama ndio mahali ambapo sijawahi kuona mdhibiti akilegeza, na ninaomba msiharakishe aya hii.

Miaka iliyopita nilikwenda kukagua eneo moja lililoomba kuruhusiwa kuunganisha sola na umeme wa kawaida. Karatasi zao zilikuwa safi. Nikaomba kuona chumba cha inveta, mashine inayogeuza umeme wa sola uwe kama wa ukutani. Ukutani ilining'inia kebo nyeusi yenye plagi pande zote mbili, meno nje huku na huku. Kijana akanieleza bila kuficha: umeme ukikatika, wanachomeka upande mmoja kwenye inveta na upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na jengo zima linawaka. Nikamuuliza swichi kuu wanaizima kwanza? Akasema, "Tukikumbuka."

Transfoma haina macho ya kujua umeme unatoka wapi. Ikipokea volti 11,000 kutoka kwenye laini inateremsha volti 240 nyumbani. Ikipokea volti 240 kutoka nyumbani inapandisha volti 11,000 kwenye laini. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa, kwa sababu ameizima yeye mwenyewe kule mbele. Sola yenu inaifufua mkononi mwake. Inveta nzuri za kuunganishwa na gridi huhisi umeme wa taifa umekatika na kujizima zenyewe papo hapo. Zile za betri, zinazotengenezwa makusudi ziendelee kuwaka gridi ikikatika, hutegemea chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme wa taifa au wa sola, iliyofungwa sawasawa, yenye kufuli, isiyoweza kuruhusu pande mbili kwa pamoja. Basi msipeleke ahadi. Pelekeni mchoro wa waya mmoja mmoja, jina la inveta na karatasi zake, picha ya chenjiova, na sahihi ya fundi mwenye kibali cha ERA cha daraja linalolingana na kazi hiyo.

Baada ya usalama wanaangalia wateja wenu, na hapa ndipo vyama vya kijijini hujiamini kupita kiasi. "Wote ni ndugu zetu, wamekubali." Nimeiona hiyo pia. Katika jaribio moja, tena la kampuni yenye wanasheria, nilikaa na bibi mmoja mbele ya mlango wake, mjukuu akitutafsiria. Alikuwa ametia dole gumba kwenye fomu ya kukubali. Nikamuuliza amekubali nini. Akasema ni hati ya mkopo wa taa. Nikamuuliza umeme ukizimika usiku atamwita nani. Akaonyesha nambari ya simu iliyoandikwa kwa chaki juu ya mlango. Tukaipiga. Fundi mwenye nambari alikuwa amehamia Fort Portal.

Kukubali kunakohesabika ni pale mtu anapojua, kwa lugha yake, kwamba hili ni jaribio, bei ni hii na inaweza kubadilika hivi, lina mwisho, na anaweza kujitoa siku yoyote bila faini na bila kupoteza mita yake ya kawaida. Huko kwenu maana yake ni Lukonzo, na Kiswahili kwa waliotoka upande wa Kongo. Andikeni fomu ya ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti kikaoni, na mtu apewe siku kadhaa kabla ya kutia sahihi. Mita zenu lazima zithibitishwe na shirika la viwango, UNBS. Mita ya bei rahisi ya dukani isiyo na muhuri itawaangusha hata kama mengine yote ni sawa. Na jirani akigombana nanyi juu ya uniti, malalamiko yake yasiishie kwa mwenyekiti wa ushirika, kwa sababu mwenyekiti ndiye anayemuuzia.

Kuna swali ambalo barua yenu haikuligusa, na mkaguzi yeyote makini ataliuliza katika dakika tano za kwanza: msimu wa kahawa ukirudi? Mashine inaunguruma kutwa, inataka umeme ule ule wa mchana mliowauzia majirani. Mtamkatia nani kwanza? Kama jibu ni majirani, basi hamuwauzii umeme wa mwaka mzima. Mnawauzia umeme wa msimu, na lazima wajue hivyo kabla mama hajanunua friji ya kuuzia soda. Kama jibu ni mashine, wanachama wenu wameridhia? Sisemi mradi haufai. Nasema likaeni jambo hili mpaka mpate jibu moja, mliandike.

Wataangalia pia kama jaribio litafundisha kitu. Msamaha hutolewa ili nchi ijue jambo isilolijua leo. Kuuza kwa bei ya saa peke yake si jambo jipya Uganda: wateja wa biashara na viwanda tayari wana bei ya saa, ikiwa juu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Upya wenu uko kwingine. Je, nyumba za kijijini zitahamisha kupiga pasi, kusaga na kuchaji simu hadi mchana zikipewa bei ya chini? Je, ushirika wa wakulima unaweza kutunza hesabu za umeme kama unavyotunza za kahawa? Hayo ni maswali yenye jibu. Kule Brixton, London, wakazi wa jengo la ghorofa lenye sola paani waliruhusiwa kujaribu kugawana na kuuziana umeme wa paa lao, ingawa utaratibu wa Uingereza ni kila nyumba kuwa na muuzaji mmoja. Jaribio lilibaki kwenye jengo moja, likiwa na swali la wazi. Nanyi andikeni lenu kwa sentensi moja. Kisha anzeni leo kuandika matumizi ya nyumba hizo ya kila wiki, kabla ya waya wowote kuvutwa, kwa sababu bila hesabu ya kabla hakuna atakayeamini hesabu ya baada.

Jambo la mwisho wanalopima ni kurudi. Siku jaribio linakwisha, nani anakunja nyaya, kwa pesa ipi? Tengeni pesa hiyo tangu mwanzo, katika akaunti isiyoguswa, na waonyesheni taarifa ya benki. Wengi hawalifikirii hili kabisa, kwa hiyo ushirika unaolileta bila kuulizwa hutofautiana na wengine mara moja.

Mmeuliza kama wadogo husikilizwa. Uholanzi ilipotunga utaratibu wake wa majaribio ya umeme mwaka 2015, walioruhusiwa kuomba walikuwa vyama vya ushirika na vyama vya wenye nyumba peke yao. Hapa kwetu wazo la kujaribu chini ya uangalizi tayari limo kwenye fedha: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020 inaipa Benki Kuu nafasi ya kuruhusu huduma mpya zijaribiwe kwa masharti. Udogo wenyewe ni hoja yenu. Madhara ya nyumba chache yanaonekana mapema na yanazuilika. Kinachowaangusha wadogo ni vitabu vya hesabu visivyokaguliwa na uongozi unaobadilika kila mwaka. Hivyo vyote mnaweza kuvirekebisha.

Fahamuni vilevile kwamba mdhibiti hana ruhusa ya kulegeza kila kitu. Kodi haiko mikononi mwake, wala sheria za mazingira zinazohusu betri zilizokufa, wala Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo inagusa hata daftari lenye majina ya majirani na matumizi yao.

Mngekuwa wanangu ningewashauri hivi. Sola ya kilowati 30 siku ya jua zuri itatoa kama uniti 110 hadi 130. Betri ya boda boda hubeba uniti 2 hadi 3. Vijana 20 wakibadilisha betri mbili kila mmoja kwa siku, wamekwisha maliza uniti 100 hivi, na hamjavusha waya hata mmoja barabarani. Umeme wa usiku kwa majumba, kinyume chake, lazima utoke kwenye betri zenu, nazo zina gharama. Wakati huohuo nyumba yenye Yaka imekuwa ikipata uniti 15 za kwanza za mwezi kwa Sh 250 kila moja. Kwa matumizi ya taa na simu hamtaishinda bei hiyo. Kwa hiyo anzeni na betri za boda boda. Pembeni yake ombeni jaribio la mchana tu, kwa nyumba 10 au 12 zilizo upande mmoja wa barabara na mashine, kwa mwaka mmoja unaopitia msimu mzima wa kahawa. Najua 40 ndiyo ndoto, na najua kuna watakaolalamika wameachwa. Lakini ombi la nyumba 12 lenye majibu kamili ni rahisi kukubaliwa, na mkilitimiza vizuri mtakuwa na ushahidi wa kuombea zilizobaki. Njia nyingine ni kuzungumza na msambazaji kuhusu kupokea umeme wenu wa ziada kwenye laini yake. Inaweza kuwa na mlolongo mrefu, lakini ulizeni.

Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi. "Hapana, rekebisheni mchoro" ni tofauti sana na "hapana, eneo hili lina mwenye leseni", na la kwanza mara nyingi hutatuliwa kwa mwezi. Mkiona mmeonewa, kuna Baraza la Migogoro ya Umeme lililoundwa na sheria ile ile ya 1999, ambalo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya ERA. Hapo msiende bila wakili.

Na kabla ya kuandika chochote, ombeni kikao na ERA, Kampala, mkiwa watu watatu: katibu, mweka hazina na fundi. Bebeni mchoro wa mkono unaoonyesha mashine, nguzo, barabara na nyumba. Kikao cha saa moja chenye mchoro kitawaambia mengi kuliko jibu langu hili, kwa sababu mimi sijaiona barabara yenu.

Kuna jambo moja tu lisilosubiri kikao. Leo jioni, wawili wenu waingie chumba cha inveta na tochi, watafute mahali ambapo umeme wa Yaka na wa sola vinakutana. Wasipoona chenjiova yenye pande mbili zisizoweza kuwaka pamoja, au wakikuta kebo kama ile niliyowasimulia, zimeni sola na swichi kuu, ichomoeni hiyo kebo pande zote mbili ndipo muikate vipande viwili, na kesho asubuhi mwiteni fundi mwenye kibali.